Kielelezo cha figo kutokana na picha za CT: ngazi-ngazi hizi zinaondolewaje?

Mkufunzi_Anatomia
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa kielelezo cha figo yenye uvimbe kwa ajili ya kufundishia, kutokana na picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) nilizopewa baada ya mgonjwa kuridhia. Nimeitenga figo katika programu ya 3D Slicer na kuichapa kwa printa ya plastiki, lakini uso umetoka na ngazi-ngazi, na mishipa midogo imekatikakatika. Vipande vya picha vina unene wa milimita 5. Je, nilainishe uso kwa programu?

Radiografa_Mstaafu
Mwalimu, usilainishe kwanza. Katika kipande cha milimita 5, mshipa wa milimita 2 huchanganyika na mafuta yanayouzunguka, na hakuna programu inayoweza kurudisha kile ambacho picha haikukinasa. Utapata figo ya kupendeza macho, ila si ya mgonjwa yule. Waulize wenzetu wa radiolojia kama wanavyo vipande vya milimita 1 au pungufu, kwa maana mara nyingi mashine huvitengeneza, kisha vikahifadhiwa vile vinene tu ili kuokoa nafasi. Wahi, kwani data ghafi ya mashine, ambayo vipande hutengenezwa kutokana nayo, haikai sana.

Daktari_wa_Figo
Naongezea suala la dawa ya kung'arisha, ile anayochomwa mgonjwa ili viungo vionekane vizuri kwenye picha. Ateri huonekana vizuri takriban nusu dakika baada ya dawa kuchomwa, uvimbe hujitenga na nyama ya figo kwenye sekunde 90 au 100 hivi, ilhali mifereji ya mkojo hung'aa baada ya dakika kadhaa. Ukitaka vyote katika kielelezo kimoja itakubidi uunganishe picha za nyakati hizo tatu, na kwa kuwa figo hupanda na kushuka mgonjwa anapopumua, hazitakaa sawa mpaka uzilinganishe. Mpaka wa uvimbe usiiachie programu. Mwombe daktari wa radiolojia auchore mwenyewe.

Mkufunzi_Anatomia
Ahsanteni sana. Daktari wa upasuaji naye angependa kukitazama akiwa kazini. Plastiki yangu ni PLA, je, inatakasika dhidi ya vijidudu?

Radiografa_Mstaafu
Si kwa mvuke wa nyuzi 121, kwa sababu PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Kibaki nje ya eneo lililotakaswa, akitazame kwa mbali. Tena, kabla hujamtumia mtu faili za DICOM, yaani faili za picha za hospitali, futa jina na namba ya mgonjwa, ambavyo hukaa ndani ya kila faili hata ukibadilisha jina la folda.