Bunge la Marekani linawezaje kulegeza sheria za bunduki za jiji moja tu?

Nzuguni_B aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Dodoma na kwenye semina tumepewa kesi ya District of Columbia v. Heller ya mwaka 2008, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake kujilinda, ikafuta marufuku ya jiji la Washington (yaani District of Columbia, au D.C.). Kesi yenyewe nimeielewa. Kinachonishinda ni kilichofuata. Hukumu haijapoa, wabunge wa taifa wakaanza kuleta miswada ya kulegeza sheria za bunduki za Washington peke yake. Tumefundishwa kwamba Marekani kila jimbo lina sheria zake. Sasa iweje seneta wa Nevada ampangie mkazi wa Washington namna ya kuweka bunduki nyumbani kwake? Na wakazi wenyewe walilipokeaje jambo hili? Kama kuna anayeishi huko, naomba anifafanulie.

Mzizima1:

Washington si jimbo, mkuu, hapo ndipo penye jibu lako. Katiba yao, Ibara ya 1, kifungu cha 8, inalipa Bunge mamlaka yote juu ya wilaya ya makao makuu. Mwaka 1973 Bunge liliwapa wakazi haki ya kuchagua meya na madiwani 13, lakini halikuachia kamba. Sheria ya madiwani inapelekwa Bungeni kwanza ikasubiri, na Bunge linaweza kuifuta au kuandika nyingine juu yake. Kwa Chicago au New York haliwezi kufanya hivyo.

Mdigo_wa_Southeast:

Mdogo wangu Nzuguni, mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Southeast, upande wa kusini-mashariki wa Washington, ng'ambo ya mto Anacostia, tangu 2005, na naendesha teksi. Habari ya vifungu mwenzangu ameshaimaliza. Mimi nikueleze niliyoyaona.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja mzaliwa wa South Carolina, mtu wa kanisani, kila anayepita barazani pake anamjua. Marehemu mumewe alimwachia shotgani. Ilikuwa imesajiliwa polisi, halali kabisa. Lakini sheria ya jiji ya 1976 ilitaka bunduki ya nyumbani isiwe na risasi, na iwe ama imefunguliwa vipande ama imefungwa kufuli kwenye triga. Bastola ndiyo kabisa, walikuwa hawaisajili tena. Siku moja alinionyesha lile kufuli, la rangi ya shaba, limeshafubaa. Ufunguo wake ulikaa kwenye kopo la vifungo vya nguo, jikoni. Alinihesabia hatua kutoka kitandani mpaka kwenye lile kopo: 19. Anaishi peke yake, magoti yanamsumbua.

Heller ilipoamuliwa, Juni 26, 2008, majaji 5 dhidi ya 4, bibi akalitoa kufuli. Alifurahi, na mimi nilimwelewa. Madiwani nao walikubali wameshindwa. Julai wakapitisha sheria ya dharura ili watu waanze kusajili bastola za kuweka nyumbani: alama za vidole, mtihani wa kuandika, picha. Hukumu yenyewe ilisema haki ile ina mipaka, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuitafuta mipaka hiyo, na waliokuwa wanaitafuta ni watu tuliowachagua sisi.

Bunge halikuwapa nafasi. Septemba 17 mwaka uleule Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Bunge (jingine ni Seneti), likapitisha muswada kwa kura 266 dhidi ya 152. Ulikuwa unafuta usajili, unafuta marufuku ya silaha za nusu otomatiki, unaturuhusu kununua bastola Virginia na Maryland, na unawakataza madiwani wasitunge tena sheria ya kubana bunduki. Soma hilo la mwisho mara mbili. Bibi aligonga mlango wangu asubuhi, gazeti mkononi, mkono unatetemeka. Akasema, "Mahakama imeniambia nina haki. Hawa wananiambia sina akili."

Yule ndiye aliyekuwa na shotgani chini ya kitanda, mdogo wangu. Msitudhanie kwamba waliopinga wote walikuwa watu wa kuchukia bunduki.

Seneti haikuufikisha mbali muswada ule. Lakini Februari 2009 yakaja makubwa zaidi. Kulikuwa na muswada wa kuipa Washington mbunge mmoja mwenye kura kamili, kitu tulichokililia miaka nenda rudi. Tunalipa kodi ya taifa kama mtu wa Ohio, vijana wetu wanakwenda vitani, lakini hatuna seneta hata mmoja, na tunayempeleka kwenye Baraza la Wawakilishi anaongea tu, kura ya mwisho hapigi. Kwenye kibao cha namba cha teksi yangu yameandikwa maneno ya kudai hilo: kodi bila uwakilishi. Basi, Seneta John Ensign wa Nevada akaupachika mule mule ule mpango wa bunduki. Kiambatisho kikapita kwa kura 62 dhidi ya 36, kisha muswada mzima 61 dhidi ya 37. Maana yake: mkitaka kura, salimisheni sheria zenu.

Niliwasikiliza abiria mwaka mzima. Wengine walisema tupokee, bunduki tutazidai baadaye tukiwa na mbunge wetu. Wengine walisema heri tukae bila kura kuliko kuinunua kwa bei hiyo. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, mpaka Machi 30, 2010.

Jioni ile nilikuwa na abiria, nashuka kuelekea Mtaa wa South Capitol, polisi wakatugeuza. Vijana walikuwa wamesimama nje, siku hiyo walikuwa wamemzika mwenzao. Gari likapita, wakamiminiwa risasi. Mojawapo ya silaha ilikuwa bunduki ya aina ya AK-47. Nilikaa kwenye foleni ya magari yaliyogeuzwa, taa nyekundu na za buluu zinapiga kwenye kioo, abiria wangu, mama wa makamo, anapiga simu moja baada ya nyingine kumtafuta mwanawe. Alimpata. Wengine hawakuwapata wao. Na mwezi uliofuata, Bungeni bado walikuwa wanajadili kuupitisha muswada wenye kiambatisho kilekile. Nikahama upande.

Binti_Kisauni:

Kaka Mdigo, pole kwa uliyoyaona. Ila ruhusu niseme. Naishi Silver Spring, Maryland, jirani na Washington, nilifanya kazi za usiku D.C. miaka sita, natoka saa saba usiku napanda basi peke yangu. Marufuku ya bastola ilikuwepo toka 1976, na mwaka 1991 bado waliuawa watu zaidi ya 470 katika mji mdogo vile. Ilimzuia nani? Ilimzuia mwenye kufuata sheria, kama huyo bibi yako. Madiwani walikaa na sheria ile zaidi ya miaka 30 bila kumtazama mtu kama yeye. Mahakama na Bunge ndio waliomwona.

Mdigo_wa_Southeast:

Dada Kisauni, la 1991 ni kweli na linauma. Kwenye marufuku ya bastola ndani ya nyumba nakubaliana nawe, ilimwonea bibi. Lakini mji huu hauna kuta. Ukivuka daraja uko Virginia, na bunduki nyingi zinazokamatwa hapa zilinunuliwa Virginia na Maryland. Dawa ya ndoo inayovuja si kuitoboa tena.

Usiichanganye Mahakama na Bunge, tafadhali. Mahakama ilisikiliza watu wa pande zote mbili, mlalamikaji mwenyewe akiwa mlinzi mkazi wa mji huu. Bungeni hakuna aliyechaguliwa nasi aliyepiga kura ile. Kwetu Tanga babu alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe shambani, na waliolijua na kuliamulia ni watu wa kijiji kile. Ningekuwa na seneta, nikashindwa kwa kura, ningenyamaza.

Nzuguni_B:

Nashukuru sana wakuu, kuliko semina nzima. Swali la mwisho: je, ile kura ya mbunge mliipata?

Mdigo_wa_Southeast:

Hapana. Aprili 2010 viongozi wa Baraza la Wawakilishi waliuweka kando muswada wote, kiti pamoja na bunduki. Baadaye mahakama zikaendelea kulegeza: 2014 ikaanguka marufuku ya kutembea na bastola, 2017 likaanguka sharti la kueleza sababu nzuri ya kuomba kibali cha kuibeba. Bibi bado yupo. Shotgani ameirudishia kufuli mwenyewe, siku vitukuu walipoanza kuja kulala kwake. Ufunguo sasa anauvaa shingoni.