Hivi chanjo ya homa ya manjano ilitokea wapi? Na ni kweli ugonjwa ulitengenezwa Entebbe?

MamaVitenge
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi ni mfanyabiashara, mzigo wangu unatoka Kariakoo unaenda Lubumbashi, siku zote anayesafiri nao ni mdogo wangu ila safari hii naenda mwenyewe. Kwa hiyo juzi Jumatatu nikaenda kuchoma chanjo ya homa ya manjano ili nipate ile kadi ya njano. Pale kwenye foleni nesi anamuuliza kila mtu, una mzio wa mayai? Nikashangaa, mayai na ugonjwa wa mbu wapi na wapi. Halafu baba mmoja nyuma yangu akaanza kutuhubiria kwamba huu ugonjwa wazungu ndo waliutengeneza Uganda, pale Entebbe, eti ndo maana maabara yao ilikuwa inaitwa ya homa ya manjano, na Zika nayo, ugonjwa mwingine wa mbu, wakaipika humohumo. Kuna dada alikuwa na mtoto mgongoni, kusikia hivyo akatoka kwenye mstari akaenda zake, hakuchanjwa. Hilo limeniuma mpaka leo maana sikuwa na la kumjibu yule baba. Naombeni mwenye kuijua historia yake anieleze, chanjo hii ilianzia wapi, nani aliitengeneza, na hayo mayai yanaingiaje.

Kipimajoto
Dada huyo baba kakosea. Maabara ya Entebbe ilianzishwa 1936 kwa hela za Rockefeller Foundation, shirika la misaada la Marekani, na jina lake kweli lilikuwa la utafiti wa homa ya manjano, hapo hajadanganya. Lakini mwaka 1793 ugonjwa huuhuu uliua watu kama 5,000 Philadelphia kule Marekani, karibu mmoja katika kila kumi wa mji mzima. Hiyo ni miaka 143 kabla hata msingi wa Entebbe haujachimbwa.

Ugonjwa ni wa misitu ya Afrika tangu enzi na enzi, ukavuka bahari na meli za watumwa, virusi kwenye damu za watu waliofungwa minyororo na mbu kwenye mapipa ya maji ya kunywa. Na hapo Philadelphia kuna jambo linaniuma kila nikilisoma, madaktari walisema mtu mweusi haugui homa ya manjano, basi wakawaomba weusi wauguze wagonjwa na kuzika maiti. Akina Richard Allen na Absalom Jones, viongozi wao, wakakubali, wakaingia na wenzao nyumba hadi nyumba wakati wenye uwezo wanakimbia mji. Na weusi wakafa vilevile, kwa mamia.

MwlSayansi
Naomba nijibu la chanjo, maana hili huwa nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka na kila mwaka nakuta hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hili: Asibi.

Mwaka 1927 kuna watafiti wa hiyohiyo Rockefeller walikuwa Afrika Magharibi, makao yao Lagos, wanahangaika miaka miwili sasa hawajui kinacholeta ugonjwa ni kitu gani. Kila mnyama wanayemchoma damu ya mgonjwa haugui. Wamejaribu simbilisi, wamejaribu kima wa hapahapa Afrika, kimya. Tatizo ni kwamba kima wetu wameishi na hivi virusi vizazi na vizazi, haviwaui. Ikabidi waagize kima wa kutoka Asia, wale wanaoitwa rhesus.

Sasa tarehe 30 Juni 1927, kijiji cha Kpeve huko Gold Coast, ndo Ghana ya leo, daktari mmoja Mkanada anaitwa Mahaffy akamkuta kijana wa miaka 28, ndo huyo Asibi, ana homa, kichwa kinagonga, mgongo unauma. Hali yake wala haikuwa mbaya sana. Akamtoa damu kidogo. Ile damu ikaenda kwa simbilisi, hawakuugua. Ikaenda kwa kima rhesus, kima akafa, na ini lake likaonyesha alama zilezile za wagonjwa wa homa ya manjano. Kuanzia hapo wakawa wana virusi mkononi kwa mara ya kwanza, wanaweza kuvihamisha kutoka kima mpaka kima. Na Asibi mwenyewe alipona.

Ila kati ya watafiti wenyewe wapo waliokufa. Adrian Stokes, mtu wa Ireland, aliambukizwa akafa Lagos Septemba 1927, hata mwaka mmoja haujapita akafa Noguchi, Mjapani, pale Accra Mei 1928, yeye kwa miaka alishikilia kwamba ugonjwa unaletwa na bakteria na alikuja Afrika kulithibitisha hilo, na siku chache baadaye akafa Dk Young aliyekuwa anafanya naye kazi maabara ileile.

Sasa mayai. Virusi vya Asibi vilipelekwa Marekani vikafika kwa Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, aliyekuwa New York. Yeye na wenzake wakawa wanavikuza kwenye chupa, kwanza kwenye vipande vya kijusi cha panya, kisha cha kuku, kisha kijusi cha kuku kilichotolewa ubongo na uti wa mgongo. Wanavihamisha chupa hadi chupa, zaidi ya mara mia moja. Katikati ya hiyo safari virusi vikabadilika, vikapoteza ukali, ukivichoma kwa mtu mwili unajifunza kujilinda na mtu haugui. Chupa za mfululizo huo zilipewa jina 17D. Chanjo ikatangazwa 1937, Theiler akapewa Nobel 1951. Na mpaka leo inakuzwa kwenye mayai ya kuku yenye kijusi ndani, nesi wako hakukosea kuuliza.

Kwa hiyo dada, hicho kilichoingia kwenye bega lako Jumatatu ni uzao wa virusi vilivyotoka kwenye mshipa wa kijana wa Kpeve. Siyo Entebbe. Nobel ina jina la Theiler, na mi simnyimi haki yake, kazi aliifanya na mwenyewe aliwahi kuugua homa hiyo maabara. Ila Asibi naye atajwe jamani.

Kipimajoto
Umesema vizuri mwalimu. Niongeze tu kwamba chanjo nayo ilipita kwenye makosa na ni vizuri tuyaseme wenyewe kabla ya mababa wa kwenye foleni. Mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani walichomwa chanjo iliyochanganywa na maji ya damu ya binadamu ili isiharibike, na hiyo damu ilikuwa na virusi vya ini, hepataitisi B. Walioumwa ini mpaka macho yakawa ya njano ni kama 50,000. Baada ya hapo damu ya binadamu ikaondolewa kabisa kwenye utengenezaji.

NyuliaZiwani
Mi wa Bukoba ila nimekaa Fort Portal miaka sita, ngoja nieleze hilo la Entebbe maana ni kazi ya kujivunia wala siyo ya kuogopwa. Kwanza mjue mkurugenzi wa kwanza pale alikuwa huyohuyo Mahaffy aliyemtoa Asibi damu.

Swali lao lilikuwa hivi, ng'ambo ya Rwenzori, bondeni Bwamba hukohuko Uganda, watu walipimwa damu ikaonekana wengi walishapata homa ya manjano, lakini kwenye nyumba yule mbu wa mjini anayezaa kwenye mapipa hawamwoni. Sasa nani anaileta? Wakajenga majukwaa juu ya miti, mengine chini mengine juu kabisa kileleni, wakawaweka vijana wa huko wakae usiku na mchana kwa zamu, kila mbu anayetua mguuni wanamkamata kwa kichupa, saa kwa saa. Kumbe kuna mbu wa kileleni, Aedes africanus, anauma zaidi jua likishazama tu, saa ambayo kima wamepanda juu kulala. Basi huyo ndo anavizungusha virusi kwa kima. Asubuhi kima wanashuka mashambani kuiba ndizi. Na kwenye mgomba, pale jani linapoungana na shina, mvua ikinyesha panabaki maji kidogo, hata kijiko hayafiki, humo anazaa mbu mwingine tofauti, Aedes simpsoni, hata kwenye majimbi anazaa. Anamuuma kima mwizi wa ndizi, halafu anamuuma mama anayelima.

Mi nimekulia kwenye migomba, nimekata majani na hayo maji yakanimwagikia shingoni sijui mara ngapi. Siku niliposoma hii habari nilitoka nje nikaenda kufunua jani nikaangalia, na viluwiluwi vilikuwemo.

Zika nayo ilipatikana hivyohivyo 1947, walimweka kima rhesus kwenye kizimba juu ya mti msitu wa Zika karibu na Entebbe, wanatafuta homa ya manjano, akapata homa wakakuta ni virusi vingine. Walivikuta, hawakuvitengeneza. Na chikungunya, homa nyingine ya mbu, jina lake ni la Kimakonde, mlipuko ulianza kwetu huku, kwenye nyanda za Newala 1952, sampuli zikapelekwa Entebbe.

Mjukuu_wa_Mrima
Jamani na daktari Carlos Finlay wa Havana, Cuba, mnamwacha? Yeye 1881 alishasema ni mbu, na akamtaja mbu mwenyewe, watu wakampuuza karibu miaka 20. Waliokuja kumthibitisha ni Wamarekani wa daktari wa jeshi Walter Reed mwaka 1900. Walijenga vibanda viwili. Kimoja wakakijaza mashuka na nguo za wagonjwa, zimeganda matapishi meusi, watu watatu waliojitolea wakalala humo siku 20, hakuna aliyeugua. Kingine kisafi kabisa, kimegawanywa katikati kwa waya wa nyavu, upande mmoja mbu wamo, upande mwingine hawamo. Wa upande wa mbu akaugua. Jaribio la Finlay lilikuwa halikamiliki kwa sababu mbu akishamuuma mgonjwa lazima zipite kama siku 12 ndo aweze kuambukiza. Daktari Lazear, mmoja wa hao Wamarekani, aliumwa na mbu akafa katikati ya hiyo kazi. Baadaye Gorgas, daktari mwingine wa jeshi la Marekani, akamwaga mafuta ya taa kwenye maji na kufunika matangi ya Havana yote, ndani ya 1901 ugonjwa ukaisha mjini.

Papa Nono L'shi
Bonjour ba ndugu, niko Lubumbashi. 2016 ugonjwa ulitoka Angola ukaingia kwetu, chanjo ikawa haitoshi, Kinshasa watu zaidi ya milioni 7 walichomwa dozi ndogo, moja ya tano ya dozi kamili. Ilisaidia, mlipuko ulizimika. Lakini mjue ile dozi ndogo haihesabiwi kwa kadi ya kusafiri. Ndugu yangu alibishana saa nzima mpakani juu ya hilo.

MamaVitenge
Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mwalimu nimeliandika jina la Asibi nyuma ya daftari langu la hesabu. Nitarudi pale kliniki kumuuliza nesi kama anamfahamu yule dada mwenye mtoto. Mi Ijumaa hii natoka na gari la mzigo, nikirudi nitawaambia.

Kipimajoto
Dada subiri, umechoma juzi Jumatatu? Kadi inaanza kuhesabiwa siku ya 10, yaani Alhamisi ya wiki ijayo. Baada ya hapo ni ya maisha, hurudii tena. Ila ukitoka Ijumaa hii utafika mpakani Kasumbalesa kabla ya siku yake.

MamaVitenge
Asante sana kaka, hilo hakuna aliyeniambia. Nimeshampigia dereva, tutatoka Jumatano ijayo usiku.