Picha za watemi alizopiga Mjerumani: zishushwe au zibaki ukutani?

Wakuu wa Iringa na Mbeya, huu mjadala wa kushusha picha za watemi za enzi ya Mjerumani umepamba moto na mimi nasema wazi: zibaki, ila isitundikwe hata moja bila maelezo kamili.

Wanaotaka zishushwe wanasema zinatudhalilisha. Wana hoja, tena nzito, ukiangalia kazi za Friedrich Fülleborn, yule daktari wa jeshi la Kijerumani aliyezunguka huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1890, mtu anapigwa picha ya uso, anageuzwa anapigwa ya ubavu, kama mahabusu vile, shida ya wapiga picha hao ilikuwa kupima maumbile ya "kabila", mtu mwenyewe hawana habari naye. Hizo kwangu mimi hapana, labda ukoo wake uridhie.

Lakini zile ambazo mtemi ameketi kwenye kiti, mgolole umetulia begani, wazee wamesimama nyuma yake, hizo msizitupe kwenye kapu moja. Naamini mtemi naye alikuwa na hesabu zake pale, avae nini, nani asimame karibu.

Sasa wale wa "historia ni historia, ziacheni tu kama zilivyo" ndio wananiuma zaidi. Zilivyo vipi wakati picha haikuambii kesho yake kilitokea nini? Mpangile, ndugu yake Mkwawa mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, Wajerumani walimsimika wenyewe mwishoni mwa 1896, haikupita hata miezi mitatu wakamnyonga. Mtu kama huyo ukimwandikia "Chifu" tu ukaishia hapo, mwanafunzi ataondoka na nini?

Halafu fikirini nani alipata nafasi ya kupigwa picha. Aliyeelewana na boma, yaani utawala wa Mjerumani, alikaa akatulia mbele ya kamera. Mkwawa alikuwa anawindwa tangu ngome yake ya Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894 hadi alipojipiga risasi Julai 1898, na walichoondoka nacho kwake ni kichwa. Hicho angalau kilidaiwa kwenye Mkataba wa Versailles wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ibara ya 246, ikachukua miaka mingi mno, mpaka 1954 gavana Mwingereza Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga. Picha nani amezidai? Za wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe 1891 ziko Herrnhut, nyingine za enzi hizo ziko Frankfurt, huko huko Ujerumani, sisi tunatundika kopi ya kopi imefifia hata sura huioni.

Kwa hiyo kila picha iandikwe jina la mtemi na la baba yake, kijiji, aliyepiga, mwaka, alitawala chini ya nani na aliishia wapi, na kopi safi ziombwe Ujerumani zije Kalenga, Rungwe na Usangu. Mnaopinga nijibuni hili moja, kuna sababu gani ya wazee wa ukoo kutoitwa kwanza kabla afisa hajaandika kibao cha maelezo ya picha?