Naomba ushauri: vijineno vinavyofuata vitenzi vya Kiingereza vinaniaibisha kazini

Mtu wa Mapokezi:
Wanajukwaa, habari zenu. Ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Kiingereza nilichosoma shuleni kinanitosha kuandika barua, lakini wageni wakizungumza kwa kasi ninapotea. Juzi wawili walishuka asubuhi wakasema wanakwenda “to check out the Old Fort”, nami nikaanza kuwaandalia hesabu ya kuondoka, kumbe walikuwa wanakwenda tu kuitazama Ngome Kongwe. Siku iliyofuata mwingine alilalamika kwamba bomba la kuogea “is playing up”, nikabaki kutabasamu, kwa kuwa kucheza ninakujua, lakini bomba linachezaje? Nimeanza kunakili daftarini kila kitenzi kinachoanza na “get”. Nimefika cha thelathini na hakuna hata kimoja kinachokaa kichwani. Naombeni msaada.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu mleta mada, daftari hilo lifunge. Ukipanga “get up”, “get over”, “get by” na “get away” pamoja, utadhani ni ndugu wa tumbo moja, ilhali la kwanza ni kuamka, la pili ni kupona au kusahau machungu, la tatu ni kujikimu na la nne ni kuponyoka. Panga kwa kufuata kazi yako. Mgeni hujaza fomu, yaani “fill in”. Dereva humfuata uwanja wa ndege, “pick up”, kisha humshusha mlangoni, “drop off”. Taulo zikiisha, “we have run out of towels”. Kila kimoja kiandikie sentensi ambayo kweli utaisema kesho yake. Na bomba lile lilikuwa linasumbua tu, halikuwa na mchezo wowote.

Mkalimani:
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu daftari, ila nisingependa mleta mada aamini kwamba vijineno hivyo havina mantiki kabisa. Mara nyingi “up” huonyesha kwamba jambo limefikishwa mwisho: “fill up” ni kujaza mpaka juu, “use up” ni kutumia mpaka kuisha, “eat up” ni kula usibakishe. Sisi wenyewe tunatofautisha kutupa na kutupilia mbali, kufuta na kufutilia mbali, na hakuna anayeuliza huko mbali ni wapi. Hata hivyo, kanuni hiyo haifiki kila mahali, kwani “put up with” ni kuvumilia, na “put someone up” ni kumpa mtu malazi, jambo unalolifanya kila siku.

Mtu wa Mapokezi:
Nawashukuru sana. Swali moja limebaki: jana nilimwambia mgeni “please fill in it”, akacheka kidogo.

Mwalimu Mstaafu:
Alicheka kwa sababu kiwakilishi kifupi kama “it” au “them” hukaa katikati: “fill it in”, “pick them up”. Ukitaja jina lenyewe una hiari, “fill in the form” au “fill the form in”. Lakini vipo visivyopasuliwa, kama “look after” na “look for”; hivyo husemwa “look after it” daima. Unapojifunza kitenzi kipya, kiandike pamoja na “it” mahali pake, nawe hutahitaji kukariri kanuni.

Mkalimani:
Niongeze moja kwa faida ya kazi yako. Kuvielewa vitenzi hivi ni lazima, lakini kuvitumia si lazima kila mara. Mgeni wa Italia au Ufaransa huenda akalielewa “tolerate” upesi kuliko “put up with”, kwa sababu neno hilo lina asili ya Kilatini na lugha yake inalo pacha wake. Kwa hiyo kile Kiingereza chako cha shuleni usikitupilie mbali. Kwake yeye hicho ndicho chepesi.