Tupeane uzoefu: chakula cha shule Mtwara na Lindi, kiwe chini ya Kilimo, Elimu au TAMISEMI (ofisi inayosimamia halmashauri)?

Wakuu, vikao vya wazazi huku kusini hoja ni ileile: chakula cha wanafunzi kikabidhiwe taasisi gani ya serikali? Ada imefutwa tangu 2016, lakini chakula cha shule za kutwa kimebaki kwa wazazi, na lawama kwa mwalimu mkuu. Anayejua ghala, jiko, manunuzi au lishe aweke hapa kwa vipimo. Hadithi za nani kala mahindi ya shule tuziache.

Stoo_ya_Newala
Anzeni na mizani ndipo mtaje wizara. Makande ya mchana kwa mtoto wa msingi ni mahindi gramu 120, mbaazi au kunde gramu 30, mafuta gramu 5. Shule ya watoto 500 inapika kilo 60 za mahindi na kilo 15 za mbaazi kwa siku. Kwa siku 190 za masomo unapata magunia 114 ya kilo 100, na mbaazi kilo 2,850. Mzazi akigawiwa, ni kilo 23 hivi za mahindi kwa mtoto, yaani debe moja na robo, na mbaazi kilo 6 kasoro. Mwezi wa 6 hilo halimshindi mtu. Mwezi wa 2 halitoki, maana nyumba nyingi zimebaki na makopa (muhogo mkavu).

Kalenda ndiyo inayotuangusha. Mahindi yanavunwa mwezi wa 5 na wa 6, mbaazi zinafuata wa 8 na wa 9, hela ya korosho inaanza kuonekana minada ikifunguliwa mwezi wa 10. Sasa ulizeni: taasisi mnayoitaka ina fedha mkononi mwezi wa 6? Isiyokuwa nazo itanunua Januari, tena kwa mkopo, tena kwa bei ya mfanyabiashara.

Mnyonge_wa_Masasi
Ndiyo maana mimi naikubali NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ulio chini ya Wizara ya Kilimo. Kununua wakati wa mavuno na kutunza ndiyo kazi iliyoanzishiwa. Marekani chakula cha shule kiko Wizara ya Kilimo tangu sheria yao ya 1946. Kilimo wapewe.

Stoo_ya_Newala
Mkuu, NFRA ni akiba ya nafaka hasa. Mbaazi, mafuta na nishati utavitafutia mlango mwingine. Halafu lori likifika wilayani, nani anapandisha gunia kwenye uwanda wa juu wa Makonde masika barabara ikiwa utelezi? India wameweka kwa Wizara ya Elimu. Brazil fedha zinatoka taasisi ya elimu ya taifa, ila sheria yao ya 2009 ililazimisha asilimia 30 ya fedha hizo zinunue kwa wakulima wadogo. Kilichofaa kuiga ni hiyo asilimia, jina la wizara halipiki makande.

Na popote yatakapokaa, mahindi yapimwe kabla ya kupokelewa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili, jaza mahindi hadi theluthi, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, yarudi juani. Ukiyafungia hivyohivyo kwenye mifuko ya kinga njaa (ile isiyopitisha hewa) yanaota ukungu, na sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mfuko wenyewe una nailoni mbili: kila moja ikunjwe na kufungwa peke yake. Wengi wanazifunga pamoja, hewa inaingia, mdudu dumuzi anaendelea na sherehe. Fungueni mfuko mmoja, uishe, ndipo mwingine.

Dada_Lishe
Nakazia kwa upande wa jikoni. Mbaazi ziloweke usiku kucha, maji yamwagwe. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaua vitamini za kundi B, na ndizo tunazozifuata. Unga wa makopa ya muhogo mchungu usipikiwe watoto kabla ya kutibiwa: weka alama ya kimo cha unga kwenye beseni, ongeza maji ukikoroga mpaka urudi kwenye alama ileile, tandaza kimo cha sentimita moja, juani saa 2 au kivulini saa 5, pika siku hiyohiyo. Konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, umewahi kuonekana Mtwara.

Kuhusu taasisi: Taasisi ya Chakula na Lishe iandike viwango, isishike sufuria. Afisa lishe yupo halmashauri, na halmashauri iko TAMISEMI. Kasoro ni kwamba fedha ya lishe inayosimamiwa kwa mkataba wa lishe ni shilingi 1,000 kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Akianza darasa la kwanza, kwenye hesabu hiyo hayumo.

Bomba_la_Mvua
Mmesahau maji. Makande ya watoto 500 yanakula lita 300 na kuosha masufuria, ndoo 15, kunawa mikono bado. Paa la madarasa mawili, mita 20 kwa 7, linatoa lita 140 kwa kila milimita ya mvua. Mvua ya milimita 900, ukitoa upotevu, ni kama lita 100,000. Tangi la lita 50,000 linavusha kiangazi. Mvua ya kwanza imwagwe, ni vumbi na kinyesi cha ndege. Na mnaoagizwa kuachana na kuni: gesi asilia ya Msimbati, hapa Mtwara, haijazwi kwenye mitungi ile. Ya mtungi inakuja kwa meli. Kejeli hiyo.

Karani_wa_AMCOS
Fedha ya mwezi wa 6 ipo, ila inabidi isubiri. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikipeleka ghalani kilo 400,000 za korosho, makato ya shilingi 30 kwa kilo ni milioni 12. Makato yapitishwe na mkutano mkuu, muhtasari usainiwe kabla ya mnada wa kwanza. Hela inaingia Novemba, inakaa miezi 7. Katika miezi hiyo ndipo "inaazimwa" kwa madawati, na Juni hakuna kitu. Akaunti iwe ya chakula peke yake, mkaguzi wa ndani wa halmashauri aikague Machi, kabla ya kununua. Mkaguzi wa kufika kijijini halmashauri inaye. Kwa hiyo mimi nipo TAMISEMI.

Mnyonge_wa_Masasi
Sawa mkuu. Na shule za Mtwara mjini na Lindi mjini, zisizo na AMCOS wala korosho?

Karani_wa_AMCOS
Huko ni fedha taslimu kwa mwezi, na anunue mmoja kwa shule zote za kata. Bei ya gunia kumi na bei ya gunia mia haziko sawa.