Sarakasi juu ya nyimbo za mastaa: makofi ni ya nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera muda mrefu, naomba tulijadili kwa heshima.

Cirque du Soleil, kampuni ya sarakasi iliyoanzia Quebec, Kanada, mwaka 1984, ilijenga jina kwa maonyesho yenye muziki uliotungwa kwa ajili yake. Mwaka 2006 ikafungua LOVE katika hoteli ya The Mirage, Las Vegas, juu ya nyimbo za The Beatles. Ikafuata Viva Elvis mwaka 2010, onyesho la kuzunguka la nyimbo za Michael Jackson lililoitwa Immortal mwaka 2011, ONE ya huyo huyo Michael mwaka 2013, na mwaka 2017 wakawaendea Soda Stereo, bendi ya roki ya Argentina. Watu wanatoka ukumbini macho mekundu, wanasema hawajawahi kuona kitu kama kile. Waulize wameona nini, wanakutajia nyimbo.

Msimamo wangu ni kwamba nyimbo hizi zinammeza mwanasarakasi. Katika sarakasi yenye bendi yake, bendi ndiyo inayomfuata mtu aliye juu. Kiongozi wa bendi hamwondolei macho. Kamba ikiyumba, au mwenzake hajamshika vizuri, wapigaji wanarudia kipande kile kile mpaka jamaa awe tayari, ndipo ngoma inapanda. Makofi yanapasuka miguu inapotua. Sasa mweke mtu huyo chini ya sauti ya John Lennon wa The Beatles iliyorekodiwa miaka ya 1960. Ubeti ukishaanza umeanza, ni yeye wa kuukimbiza. Hadhira inalipuka kiitikio kinapoingia, hata kama hakuna aliyeruka. Anayeruka katikati ya ubeti anatua bila mtu kujua.

Tusisahau kazi hii ni ya roho mkononi. Tarehe 29 Juni 2013, usiku ule ule ONE ilipozinduliwa rasmi katika hoteli ya Mandalay Bay, Las Vegas, mwanasarakasi wa kampuni hiyo hiyo alianguka katika onyesho lao jingine, Kà, hoteli ya MGM Grand, mtaa huo huo, akafariki. Mtu anayeweka maisha yake rehani kila usiku anastahili angalau kutazamwa.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, naomba nitofautiane nawe, hasa kwa LOVE. Muziki ule haukuchukuliwa kwenye santuri ukabandikwa. George Martin, aliyewarekodi Beatles wenyewe, alikaa studio na mwanawe Giles wakafungua kanda za asili, wakatenganisha sauti, wakaunganisha wimbo huu na ule. Ukumbi ukajengwa mviringo, viti takriban 2,000, kila kiti na spika zake ndani. Walipofika kwenye nyimbo za rangi ya Kihindi, shuka jeupe lilitoka jukwaani likatanda juu ya vichwa vya watu, ukumbi mzima ukawa chini yake. Watu walipiga kelele kwa ajili ya shuka! Hapo nani kammeza nani?

Na onyesho lilidumu miaka 18. Lilifungwa Julai 2024 kwa sababu hoteli yenyewe ilikuwa inafungwa ijengwe upya. Ungekuwa mchezo wa kudanganya watu kwa majina, usingefika huko.

Mchangiaji wa pili

Basi tuzungumzie Viva Elvis. Ilifunguliwa Februari 2010, ikafungwa Agosti 2012, hoteli ya Aria iliomba onyesho jingine kwa sababu tiketi haziendi. Elvis! Kama wimbo wa staa ndio unaojaza ukumbi, mbona huo haukujaa?

Mleta mada

Swali zuri sana, na naona linanisaidia mimi. Viva Elvis ilikuwa na kipande kimoja ambacho ningependa kila mtunzi wa sarakasi akisome. Elvis alizaliwa pacha, mwenzake Jesse akazaliwa amefariki. Basi lilining'inizwa gitaa kubwa la chuma, na wanasarakasi wawili wakalipanda pamoja, wakawa wanapokezana uzito, mmoja anamshika mwenzake kisha anamwachia. Unaona ndugu wawili, na unaona mmoja anapotea. Pale mwili ulieleza jambo ambalo sauti ya Elvis peke yake isingeweza. Lakini sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa dansi na picha za Elvis kwenye skrini kubwa. Aliyekuja kwa ajili ya Elvis ana kanda zake nyumbani. Aliyekuja kwa ajili ya sarakasi alipewa kidogo. Wote wawili hawakuwa na sababu ya kurudi.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimefanya sarakasi hoteli za Pwani ya Kusini, Mombasa, piramidi za watu, kupita kwenye pete za moto, kuruka kamba. Nazungumza kama mtu wa chini kabisa kwenye mnara, yule anayebeba. Mgeni hajui piramidi ngumu ni ipi. Watu sita wakisimama vizuri anaona ni kawaida, maana hakuona mabega yanavyotetemeka. Ukipiga wimbo anaoujua, anaanza kupiga makofi mapema, anainuka, na sisi tunapata nguvu. Hiyo siikatai.

Ila mleta mada yuko sawa kwenye suala la muda. Tukitumia ngoma zetu, mpigaji ananisikiliza pumzi. Tukitumia muziki wa spika, lazima mtu wa juu apande hata kama goti langu halijakaa. Tulikuwa tunapunguza mchezo ili tuwahi mwisho wa wimbo. Mgeni hakujua, alishangilia vile vile. Hilo ndilo liliniuma, kwamba ukipunguza au usipopunguza, makofi ni yale yale.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mnasahau waliofiwa. Gustavo Cerati wa Soda Stereo alifariki Septemba 2014. Machi 2017 onyesho linafunguliwa Luna Park, Buenos Aires, wenzake wawili waliobaki wameshiriki kulitengeneza, sehemu ya hadhira imesimama chini kama kwenye konseti, wanasarakasi wakipita katikati yao. Wale watu walikuja matanga. Waliimba kila neno. Utawaambiaje wanyamaze watazame kamba? Hata ONE, sura ya Michael inapotokea jukwaani kwa mwanga kana kwamba yupo, watu wanapiga mayowe kwa sababu wanamkosa. Sioni ubaya wowote.

Mleta mada

Simkatazi mtu kulia, dada, na kwa Buenos Aires nakupa haki yako yote. Ninachodai ni kwa watunzi. Katika Immortal alikuwapo Jean Sok, mcheza dansi mwenye mguu mmoja, akicheza kwa magongo. Alipoingia, ukumbi wa maelfu ulimtazama yeye, kwa sababu alipewa nafasi na jukwaa halikushindana naye. Kumbe inawezekana hata chini ya jina zito kama la Michael.

Kaka wa Mombasa amesema jambo kubwa kuliko yote kwenye mjadala huu: makofi ni yale yale. Sauti ikitenganishwa studio, kama alivyofanya Giles Martin, fundi anaweza pia kuacha vipande vya kurudia, vya ala tupu, pale mruko mgumu unapokuja, mwimbaji asubiri mtu aliye hewani. Teknolojia ipo. Wenye haki za nyimbo wakikataa kuguswa hata mstari mmoja, basi waite konseti, na wanasarakasi wasipandishwe juu bila sababu.