Naomba ushauri: mafunzo ya uongozi kwa tunaohudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 7 nikihudumia watu wazima wenye usonji, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili. Juzi nimekabidhiwa kuongoza wenzangu 11. Kumwogesha mtu kwa heshima, kuelewa ishara za asiyeongea, hayo nayajua. Kuongoza sijafundishwa.

Kinachoniumiza ni wahudumu kuacha kazi kila mara. Akiondoka mmoja, kuna mtu anaanza upya kumzoea mgeni anayemvalisha nguo. Kijana mmoja alikataa kula siku 2 nzima.

Nimepata kozi mbili. Moja ni ya usimamizi wa kawaida, bajeti na ratiba. Nyingine imejengwa juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, hasa ibara ya 12: mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Tena baadhi ya wakufunzi wenyewe wana ulemavu. Moyo wangu uko huko, ila ni ndefu, na nahofia haitagusa suala la kubakiza wafanyakazi.

Aliyepitia mafunzo kama haya, nini kilibadilika kazini kwako? Nianze na ipi?